Maji Yakipanda Usiku: Mwongozo wa Kuondoka Mapema kwa Wakazi wa Mabondeni

Alfajiri moja ya Desemba 2011, Kigogo, Dar es Salaam, niliamshwa na beseni likigonga mguu wa kitanda. Lilikuwa linaelea. Nilipoteremsha mguu, maji yalinifika kwenye kifundo, ya baridi na mazito kwa tope. Hata hivyo nilipoteza karibu nusu saa nikipandisha godoro juu ya meza, redio juu ya kabati, mfuko wa unga juu ya redio. Nilipofungua mlango, uchochoro tuliozoea kupita kwenda barabarani ulikuwa mto. Bibi wa chumba cha mwisho alikuwa ameketi kitandani, khanga begani.

"Shikamoo bibi. Inuka tutoke."

"Marahaba. Nitoke niende wapi, mjukuu wangu? Maji haya nayajua. Yanakuja na kuondoka."

Vijana wawili walimbeba mgongoni bila kungoja akubali. Walipoufikia mwinuko, maji yalikuwa yakiwafika kifuani. Mvua za wiki ile ziliua watu wapatao 40 katika jiji la Dar es Salaam, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sisi tulinusurika, ila mpaka leo naihesabu ile nusu saa. Mwongozo huu nauandika kwa ajili yake, ili usiku wako utakapofika usiwe na jambo la kuamua wala kitu cha kutafuta.

Sitakwambia uhame bondeni kesho. Najua kodi ya chumba ilivyo, na najua maana ya kuwa karibu na Kariakoo kwa anayeishi kwa kibarua cha siku. Nakwambia jinsi ya kutoka hai.

Hatua ya kwanza: yajue maji yako

Anza siku ya jua. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi baharini kwenye Daraja la Salenda. Maana yake ni kwamba mvua inaweza kuchapa Pugu saa mbili usiku huku kwako kukiwa na manyunyu tu, na maji yakakufikia umeshalala. Usipime hatari kwa mvua inayogonga bati lako. Kama una ndugu au rafiki anayeishi juu ya mto, mwombe akupigie kila anapoona mto umejaa. Simu moja ya namna hiyo inaweza kukupa muda wa kutosha kuamsha nyumba nzima.

Walio chini zaidi, Jangwani, Hananasif na Magomeni Suna, wana bahari pia ya kuhesabu. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya bahari hupanda zaidi na kuuziba mdomo wa mto, basi maji ya mvua hukosa pa kutokea na kurudi nyuma mitaani. Wavuvi wa pale karibu wanajua saa za maji kujaa bila kutazama kitabu. Waulize.

Kisha tembea na mzee wa mtaa akuonyeshe maji yalifika wapi mwaka 2011 na miaka iliyofuata. Kuta nyingi bado zina mstari wa tope. Angalia mitaro na kalavati zilizo juu yako pia. Takataka zikiziba tundu chini ya barabara au reli, maji hujikusanya nyuma yake kama bwawa, na tuta likikatika hayaji taratibu. Ndivyo ilivyotokea Mai Mahiu, Kenya, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024: maji yaliyozuiwa kwenye tuta la reli yalipasua njia na kuua makumi ya watu, wengi wakiwa usingizini. Kwa hiyo shika dalili hii. Mvua ikiwa bado inanyesha huko juu na ghafla mto ukapungua, usishukuru. Huenda kuna kitu kimeziba juu yako. Panda mwinuko hapo hapo.

Anayeishi chini ya mlima awe na dalili zake: nyufa mpya ardhini, miti au nguzo zilizoanza kuinama, maji ya kijito yaliyogeuka tope ghafla, muungurumo usiokoma. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliteremka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walikufa. Tope la mlimani halipandi ngazi kwa ngazi kama maji ya mto, kwa hiyo kimbia kwa ubavu, kuelekea pembeni na juu. Ukikimbilia bondeni litakukuta.

Hatua ya pili: chora mstari wa kuondoka

Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote. Watu wengi hawakosi taarifa. Wanakosa mahali pa kusema "sasa basi". Kila dakika maji yanaongezeka kidogo, na kila dakika mtu anajiambia yatapungua.

Chukua rangi, chora alama mbili sehemu inayoonekana kutoka dirishani au mlangoni. Ya kwanza iwe pale maji yanapoacha kingo za mto na kuingia njiani. Yakifika hapo, watoto, wazee, wajawazito na wagonjwa wanaondoka, hata kama ni saa nane za usiku, hata kama itabidi mlipe bodaboda. Ya pili iwe chini kidogo ya kizingiti cha mlango wako. Yakifika hapo, kila aliyebaki anatoka. Alama ya tatu usichore.

Kubalianeni mapema, nyumba nzima, wapangaji na mwenye nyumba, kwamba alama haijadiliwi. Baba asiseme "tusubiri kidogo", na kijana akiiona kwanza awe na ruhusa ya kuwaamsha wakubwa wote. Nyumba za kupanga zina shida hii: kila chumba kinangoja chumba kingine kianze. Mteueni mtu mmoja wa kugonga milango, na mwingine endapo huyo hayupo.

Sikiliza pia Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wao hutumia rangi: njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mimi nina desturi yangu. Likitoka angalizo msimu wa masika au vuli, nakagua begi na kuchaji simu. Ikitoka tahadhari, wazee na watoto wanalala kwa ndugu mwinukoni kabla jua halijazama, na sisi tuliobaki tunalala na nguo za kutembelea. Mara nyingi wamelala huko na mvua haikuja. Hasara yake ilikuwa nauli.

Hatua ya tatu: njia mbili, na mwenyeji mmoja

Tafuta njia mbili za kutoka, zote zisizovuka daraja, mtaro wala korongo. Njia fupi ya kila siku mara nyingi ndiyo inayojaa kwanza, kwa sababu imepita chini. Zitembee pamoja na watoto, tena mara moja iwe usiku kwa tochi, uone pale penye shimo la chemba lisilo na mfuniko, pale ukuta ulipoinama, pale waya wa umeme unaponing'inia. Pima muda kwa mwendo wa bibi, usipime kwa mwendo wako.

Mwenyeji umwombe mapema. "Dada, maji yakija tutakuja watu sita" ni maneno rahisi kuyasema Jumapili mchana, na ni magumu sana kuyasema usiku ukiwa umelowa mlangoni kwa mtu. Kama huna ndugu karibu, muulize mwenyekiti wa mtaa au mtendaji ni shule gani, msikiti gani au kanisa gani hupokea watu, na nani ana ufunguo.

Chagueni mtu mmoja anayeishi mbali, shangazi wa Morogoro au kaka wa Tanga, awe ndiye kila mmoja anampigia akitengana na wenzake. Mtandao ukilemewa, meseji hupita mahali simu inagoma. Watoto wakariri namba hiyo, na siku ya tahadhari muwaandikie mkononi kwa kalamu isiyofutika kwa maji. Kwa Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114 na polisi ni 112. Kenya ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199.

Kuna watu ambao mpango wa jumla hauwatoshi. Mwenye kiti cha magurudumu apewe majina ya watu wawili wa kumbeba, na hao wawili wajue ni wao, kwa sababu tukisema "tutamsaidia" wote, hakuna anayeenda. Kiziwi hasikii filimbi wala kelele, ni lazima aguswe bega. Asiyeona ashike bega la anayemwongoza, asivutwe mkono.

Hatua ya nne: begi la msumarini

Begi moja la mgongoni, jepesi kiasi kwamba aliye dhaifu kati ya watu wazima wa nyumba anaweza kukimbia nalo. Litundike msumarini karibu na mlango, juu ya urefu wa kichwa. Likiwekwa chini ya kitanda ndilo la kwanza kulowa.

Karatasi ndizo zitakazokusumbua miaka mingi ukizipoteza: kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, hati au leseni ya makazi, mkataba wa kupanga, kadi ya bima, kadi ya kliniki ya mtoto. Zitie kwenye mfuko wa plastiki, uukunje, uutie kwenye mfuko mwingine. Zipige picha zote na uzitume kwa yule shangazi wa mbali.

Dawa ndizo zinazosahaulika, na kwa mtu mwenye presha, kisukari, pumu, kifafa au anayetumia ARV, kukosa siku kadhaa ni hatari inayokuja baada ya maji kuondoka. Weka akiba ya wiki moja, na andika majina ya dawa na kipimo chake kwenye karatasi, maana kwenye kambi utamweleza muuguzi asiyekujua.

Pesa taslimu iwe ya noti ndogo. Pesa za simu hazikusaidii mnara ukizimika au wakala akiwa naye amekimbia. Tia tochi yenye betri, kwa sababu ukitumia simu kumulika utabaki bila simu, na pawabenki kama unayo. Tia filimbi, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni, sabuni, pedi, nepi za mtoto, wembe, bandeji. Chakula kiwe cha kuliwa bila moto: tende, karanga, biskuti. Maji ya kunywa na matumizi madogo kadiria lita 3 hadi 4 kwa mtu kwa siku. Hayo hayataingia begini, basi jaza dumu dogo na uliweke pembeni ya mlango kila tahadhari inapotoka.

Tena weka khanga mbili. Khanga ni mbeleko, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo katika darasa lililojaa watu, ni bandeji ya kufunga mkono uliovunjika, na ukiwa juu ya paa ni bendera ya kuonekana kwa mbali. Sijaona kitu kingine chepesi hivyo kinachofanya kazi zote hizo.

Viatu vifungwe kwa kamba kwenye begi. Ndara huvutwa na tope hatua ya tatu, na chini ya maji kuna misumari, vioo na mabati.

Hatua ya tano: unapoondoka

Mstari umefikiwa. Kama sakafu bado kavu na mikono yako mikavu, zima swichi kubwa ya umeme. Kama umesimama kwenye maji, usiiguse kabisa. Funga mtungi wa gesi. Fungua banda la kuku, kata kamba ya mbuzi. Mnyama aliyefunguliwa huogelea au hupanda, aliyefungwa hufa. Gonga milango ya majirani huku ukitembea. Friji, televisheni na godoro viache.

Najua kinachowarudisha watu ndani ni hofu ya wezi. Nimeiona. Dawa yake hufanywa kabla: vitu vya thamani vipandishwe juu tangu mwanzo wa msimu, na vijana wa mtaa wapangiwe kulinda kutoka mwinukoni, watu wakishatoka. Hakuna mlinzi anayepaswa kulala bondeni usiku wa mafuriko.

Usiingie kwenye maji yanayotembea. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15, chini ya nusu ya urefu wa goti, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huanza kuelesha gari dogo, sentimita 60 hubeba magari mengi. Bajaji na pikipiki ni nyepesi zaidi. Dereva akikwambia anapajua, shuka.

Yaliyotulia yakikulazimu kupita, shika mti au mpini wa jembe, papasa chini kabla ya kila hatua, na kaeni mbali na nguzo za umeme. Mtoto mdogo afungwe mgongoni kwa mbeleko, mkubwa ashikwe kwenye kifundo cha mkono, kwa kuwa vidole vilivyolowa huteleza. Usijifunge kamba mwilini. Ikinasa, maji yatakushikilia chini. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara humwelesha mtu, likumbatie kifuani.

Ukisombwa, lala chali, miguu itangulie mbele uelekeako mkondo, ikukinge na mawe na magogo. Usishindane na maji kurudi ulikotoka. Ogelea kwa mshazari kuelekea ukingoni.

Na kama mmechelewa kabisa, pandeni juu ya paa imara, nje. Msijifungie darini ambako hakuna pa kutokea. Pigeni filimbi mara tatu, mpumzike, mrudie, huku mkipepea khanga. Okoeni sauti.

Hatua ya sita: mkishafika

Hesabu watu wako kwa majina. Mjulishe mtendaji au mwenyekiti kwamba mko salama na mko wangapi, ili waokoaji wasihatarishe maisha kuwatafuta, na ili majina yenu yawe kwenye orodha ya misaada. Watoto wasiachwe peke yao kwenye kambi hata kidogo, hasa njiani kwenda chooni usiku. Pangeni zamu ya kina mama na kina baba mnaowajua.

Adui wa siku zinazofuata ni maji ya kunywa. Mafuriko yanachanganya vyoo na visima, na kipindupindu hufuata. Chemsha maji mpaka yatokote vizuri, au tia vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na ungoje muda ulioelekezwa. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa khanga iliyokunjwa mara nne. Akiharisha mtu, mnyweshe ORS, ule unga wa pakiti wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji salama. Ikikosekana, lita moja ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kidogo kidogo bila kukoma, mkielekea kituo cha afya. Kuharisha majimaji kama ya mchele si jambo la kungoja asubuhi.

Hatua ya saba: kurudi

Rudi mchana, mtu mzima kwanza, watoto baadaye. Kabla ya kuingia zunguka nyumba. Ukuta wa udongo au wa tofali za kuchoma uliolowa unaweza kusimama siku tatu kisha uanguke jua linapowaka, kwa hiyo nyufa mpya au kona iliyoachana ni sababu ya kubaki nje. Jihadhari na shimo la choo lililotitia. Nyoka hupenda palipo pakavu: juu ya kabati, ndani ya godoro lililokunjwa, kwenye rundo la nguo. Tumia fimbo, usitie mkono.

Umeme usiuwashe mpaka fundi akague waya na soketi, na waya ulioanguka nje uripotiwe TANESCO, shirika la umeme, bila kusogelewa. Piga picha uharibifu wote kabla ya kusafisha. Chakula kilichoguswa na maji kitupwe, hata unga uliolowa upande mmoja. Inauma, lakini tupa. Aliyechomwa na msumari au kukatwa na bati aende akachomwe sindano ya pepopunda hata kama kidonda ni kidogo.

Kuta zikishakauka, paka upya zile alama mbili, maana tope litakuwa limezifuta. Pima kama zilikuwa mahali sahihi: mlitoka na nafasi, au mlikimbia? Kama mlikimbia, zishushe. Badilisha betri, jaza dawa zilizotumika, fua khanga, na begi lirudi msumarini.